Kodi Pungufu: Nota Tatu Zisizokubali Kutulia

Kabla ya kuanza somo letu napenda kueleza kosa nililolifanya mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi. Nilikuwa mpiga kinanda wa kwaya. Katika wimbo mmoja tuliokuwa tukijifunza, kila tulipofika mstari wa tatu wasichana wa sauti ya pili walisikika vibaya. Tulirudia mara nyingi. Mwishowe msichana mmoja aliambiwa kwamba hana sikio, akaondolewa mbele akakaa nyuma. Siku ya pili nilisoma karatasi polepole, nikaona kwamba yule dada aliimba sawasawa. Karatasi ilisema *fe*, naye aliimba *fe*. Aliyekosa ni mimi, kwa maana nilipiga *fa*.

Basi somo hili ni la kuwasaidia wapiga piano na kinanda wasije wakamtia mtu aibu kwa kosa lisilo lake. Tutajifunza kodi pungufu, ambayo wapigaji wengi huiita diminishi. (Kodi hii si ile inayolipwa serikalini! Kodi katika muziki ni nota tatu au zaidi zinazopigwa pamoja.)

Kuhesabu hatua

Tazama vibao vya piano. Kibao cheupe kilicho kushoto kwa vibao viwili vyeusi ndicho *do* yetu ya leo. Kutoka kibao kimoja mpaka kile kinachofuata mara moja, kiwe cheupe au cheusi, ni hatua 1. Kutoka *do* mpaka *do* ya juu ni hatua 12.

Sasa piga *do, mi, so*. Kutoka *do* mpaka *mi* ni hatua 4, na kutoka *mi* mpaka *so* ni hatua 3. Jumla ni 7. Piga *la, do, mi*: hatua 3, kisha 4. Jumla ni 7 tena. Ya kwanza ni ya furaha, ya pili ina huzuni kidogo, lakini zote mbili zimesimama imara.

Kisha piga *ti, re, fa*. Kutoka *ti* mpaka *re* ni hatua 3, na kutoka *re* mpaka *fa* ni hatua 3. Jumla ni 6 tu. Hatua 1 imepungua, na ndiyo sababu tunaiita kodi pungufu. Katika kodi saba zinazojengwa juu ya *do, re, mi, fa, so, la, ti*, hii ya *ti* peke yake ndiyo yenye upungufu huo.

Kwa nini haitulii?

Piga *ti, re, fa*, kisha uondoe mikono. Utasikia kama mtu aliyeanza kusema neno akanyamaza katikati. *Ti* inataka kupanda kwenda *do*, na *fa* inataka kushuka kwenda *mi*. Uziruhusu ziende, na sikio litapumzika. Mkono wa kushoto upige *re*, wa kulia *fa* na *ti*. Kisha kushoto *do*, kulia *mi* na *do*. Usiache kodi pungufu iwe mwisho wa wimbo, wala usiizidishe *ti* yake kwa kuipa sauti mbili pamoja.

Kwetu Bukoba na Muleba jambo hili lina maana zaidi. Wazee wetu walisimulia habari za mashujaa kwa nanga, ule ubao uliochongwa mfano wa sinia refu, wenye nyuzi saba au nane. Nyimbo nyingi za nanga hutembea juu ya nota tano. Ukitaka kukaribia nota hizo katika piano, ingawa hazilingani kabisa na vibao vyake, piga *do, re, mi, so, la*. Tazama: *fa* na *ti* hazimo, kwa hiyo kodi pungufu haiwezi kupatikana humo. Upungufu huo si kasoro ya nanga. Ni njia nyingine tu. Lakini mwimbaji aliyezoea njia hiyo huhitaji kufundishwa *ti* na *fa* kwa subira, wala si kwa makaripio.

Kosa langu lilikuwa wapi?

Kodi iliyoandikwa ilikuwa *fe, la, do*. *Fe* ni kibao cheusi kilicho kati ya *fa* na *so*. Hesabu: hatua 3, kisha 3. Ni kodi pungufu, na kazi yake ni kutuongoza kwenda *so*. Mimi nilipiga *fa, la, do*. Nota mbili kati ya tatu ni zile zile, na hivyo nikajidanganya kwamba napiga sawa. Hatua moja tu iliharibu wimbo, na lawama ikamwangukia mwingine. Kwa hiyo kila uonapo *de*, *fe* au *se* katika karatasi, simama, uhesabu kwanza.

Nota ya nne

Juu ya *ti, re, fa* panda hatua 3 nyingine, utafika kibao cheusi kati ya *so* na *la*. Sasa una nota nne. Ukipanda hatua 3 tena unarudi kwenye *ti*. Mviringo umekamilika! Kwa kuwa vibao ni 12, na kila kodi ya namna hii huchukua 4, basi katika piano nzima zipo kodi 3 tu. Anzia *do*, kisha kibao cheusi kinachoifuata, kisha *re*; umezimaliza zote. Tena, kila nota katika hizo nne inaweza kufanywa *ti* ya *do* mpya, na kwa njia hiyo wimbo huweza kuhama mahali pake bila kugutusha watu.

Mazoezi

1. Asiye na piano achore vibao 12 juu ya kipande cha boksi, ahesabu kwa vidole.
2. Piga *do, mi, so*. Kisha *de, mi, so*. Sikiliza tofauti, halafu malizia *re, fa, la*.
3. Tafuta kodi pungufu inayoongoza kwenda *la*. (Jibu: *se, ti, re*.)
4. Imbeni watatu watatu *ti, re, fa*, kisha *do, do, mi*, bila kinanda.

Na yule dada? Nilimwomba radhi mbele ya kwaya nzima, naye akarudishwa mbele. Mpiga kinanda mwema husikiliza waimbaji kabla ya kuwahukumu.