Asidi za Mafuta Katika Damu: Lemuri Alalaye na Mgonjwa Afungaye



Ndugu zangu, Ramadhani moja nyumbani kwetu Rugerero, mdogo wangu mwenye kisukari cha aina ya kwanza alikataa kula. "Kaka, kuna wanyama wanalala miezi bila kula na hawafi," aliniambia. Alikuwa amelisoma hilo katika daftari langu la biolojia. Ilinibidi nimfafanulie.

Alichosoma ni kweli. Madagaska yuko lemuri mdogo mwenye mkia mnene, jamaa wa mbali wa komba. Mwaka 2004 Kathrin Dausmann na wenzake walieleza katika jarida la Nature kwamba hulala ndani ya tundu la mti miezi 7 kwa mwaka. Akiba yake ni mafuta aliyoyaweka mkiani.

Mnyama anapolala hivyo, mafuta huvunjwa na asidi zake huingia katika damu. Moyo na misuli huzitumia badala ya sukari. Sehemu nyingine ini huigeuza kuwa ketoni, chakula cha ubongo. Mapigo ya moyo hupungua na matumizi ya mwili hushuka sana, ndiyo maana akiba hudumu.

Nasi tukifunga, jambo la namna hiyo hutokea kwa kiasi kidogo. Mwili humaliza chakula cha daku, hutumia sukari iliyohifadhiwa kwenye ini, na kadiri Magharibi inavyokaribia, asidi za mafuta huongezeka katika damu. Insulini, hata ikiwa kidogo, huzuia zisizidi kipimo.

Mdogo wangu hana kizuizi hicho mwilini. Akiacha sindano kwa kuwa hali, mafuta huvunjika ovyo, ketoni hujaa na damu huwa na asidi inayoweza kuua. Akijidunga kama kawaida bila kula, sukari inaweza kushuka hadi azimie.

Nikamkumbusha kwamba katika Suratul Baqarah, aya ya 184 na 185, Allah amempa mgonjwa ruhusa. Alinyamaza kitambo, kisha akaomba uji.

Mwenye ugonjwa huu amwone daktari kabla ya Ramadhani, kisha amuulize sheikh kuhusu kulipa au fidia. Nasi tusimtazame vibaya anayekula kwa udhuru.

Wabillahi tawfiq.