Januari Jangwani, Mpakani mwa Texas

Swali: Mimi na mume wangu tunaishi Houston. Januari tunataka kuendesha gari kutoka El Paso hadi Marfa, kisha Presidio. Tujiandae vipi?

Jibu: Dada yangu, jangwa hilo lina baridi. Marfa iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Usiku maji huganda. Presidio, bondeni kando ya Rio Grande, kuna nafuu. Jazeni mafuta Van Horn.

Kubwa zaidi ni karatasi. Hata bila kuvuka mpaka, mtakuta kizuizi cha askari wa doria Sierra Blanca. Asiye raia, mwenye miaka 18 au zaidi, sheria inamtaka abebe kadi yake ya ukaazi. Tafadhali, msiziache nyumbani.