Krimu za Steroidi: Upele Ujulikane Kwanza

Mtoto anatokwa na duara lenye magamba shavuni. Mzazi anaenda duka la dawa, anaomba "kitu cha kuwashwa", anapewa tyubu ndogo. Siku ya tatu mtoto hajikuni tena, na tyubu inawekwa kabatini. Wiki mbili hazijapita, duara limerudi na limefika shingoni.

Krimu hiyo ilikuwa na steroidi. Steroidi hutuliza mwasho na uvimbe kwa kupunguza nguvu ya kinga ya ngozi, lakini haiui viini vya ugonjwa. Ikiwa duara lile ni mashilingi, yanayoletwa na ukungu, basi kinga iliyokuwa ikiuzuia imelegezwa. Ukungu unaenea bila kuwasha sana, na alama inapoteza umbo lake la duara hata mhudumu wa afya akashindwa kuitambua kwa macho. Mashilingi ya mwilini hutibiwa kwa dawa ya ukungu kama klotrimazoli, ambayo huendelea kupakwa hata alama zikishafifia. Zile krimu zinazochanganya steroidi, antibiotiki na dawa ya ukungu katika tyubu moja, ambazo wengi huzisifu kwa kuwa "zinatibu kila kitu", zinaweza kuleta tatizo lilo hilo.

Steroidi ina kazi yake. Husaidia ukurutu, ngozi iliyochokozwa na sabuni au mkufu, na alama za kuumwa na wadudu. Nguvu zake hazilingani: hidrokotisoni ya asilimia 1 ni hafifu, betamethasoni ni kali, klobetasoli ni kali zaidi. Hizi mbili hazifai kupakwa usoni, kwenye makwapa au kwa mtoto mchanga bila agizo la daktari. Chini ya nepi ngozi hufyonza dawa nyingi zaidi, na karibu na macho matumizi ya muda mrefu yanaweza kudhuru uwezo wa kuona.

Kipimo ni rahisi. Krimu iliyokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kiungo cha kwanza hutosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, pamoja na vidole vyake. Hupakwa mara moja au mbili kwa siku, mahali palipoathirika tu. Hidrokotisoni iliyonunuliwa bila agizo isizidi siku 7.

Wapo pia wanaozipaka kila siku ili wang'ae. Baada ya miezi kadhaa ngozi huwa nyembamba, hupata michirizi na chunusi, na wakiacha ghafla uso huweza kuchoma kama moto. Aliyefikia hapo asiache peke yake. Aende kituo cha afya, na abebe tyubu zote alizotumia, hata zilizokwisha.