Sukari ni 2.5 au 5.2? Mtengenezaji amuulize asiyeona

Mama mmoja wa miaka 58, ambaye nimemtibu kisukari kwa muda mrefu, aliletwa kliniki na bintiye asubuhi moja akitokwa na jasho, mikono ikitetemeka na maneno yakimtoka kwa shida. Tulipompima, sukari ilikuwa imeshuka mno. Alipopewa glukosi na kupata nafuu, alinishangaza kwa swali lake: "Lakini daktari, mbona nilijipima alfajiri nikaona 5.2? Hiyo si ni sawa?"

Bintiye akaitoa mashine mkobani. Mashine hizi huhifadhi vipimo, na cha alfajiri hiyo kilikuwa 2.5. Mama, ambaye macho yake yamedhoofishwa na kisukari, alikuwa ameishika mashine juu chini.

Chukua kikokotoo, msomaji, uandike 2.5 kisha ukigeuze. Tarakimu 2 na 5 zilizoundwa kwa vistari hazibadiliki sura zikigeuzwa, ila hubadilishana nafasi tu. Nukta, ambayo ingemwonya mwenye macho mazuri kwa kuwa sasa iko juu, ni ndogo mno kwa mwenye macho hafifu. Sukari ya 5.2 ni nzuri. Sukari iliyo chini ya 4 kwa mtu anayedungwa insulini huhitaji kushughulikiwa mara moja, na ikifika 2.5 mgonjwa anaweza kuzirai wakati wowote.

Mashine haikuwa mbovu. Ilipima sawasawa. Kosa ni kwamba ilibuniwa na mtu mwenye macho, ikajaribiwa na watu wenye macho, kisha ikauziwa watu ambao wengi wao wanapoteza uwezo wa kuona. Nami sina budi kukubali sehemu yangu ya lawama: ndimi niliyempendekezea mama mashine hiyo, wala sikumwomba aisome mbele yangu.

Kisukari kisichodhibitiwa huharibu mishipa midogo ya damu iliyo nyuma ya jicho, na ni miongoni mwa sababu kuu za upofu kwa watu wa umri wa kufanya kazi. Hutia pia ganzi miguuni na wakati mwingine vidoleni. Kwa hivyo anayeihitaji mashine hiyo kuliko wote ndiye huenda asiione vizuri, wala asiweze kuushika ule ukanda mwembamba wa kutilia damu.

Wapo watakaosema dawa ya jambo hili ni rahisi: mashine ifanywe iseme. Naam, mashine zinazosema zipo. Lakini mpe mgonjwa asiyeona mashine kama hiyo akae nayo wiki moja nyumbani, kisha umsikilize. Anaweza kukwambia kwamba inasema Kiingereza pekee, tena haraka. Anaweza kukwambia kwamba alijipima ndani ya matatu na abiria wote wakaisikia sukari yake, na kwa hivyo angependa pawe na tundu la kuchomekea visikizi. Au atakwambia kwamba hutangaza kipimo kwa sauti, lakini betri inapokaribia kuisha au damu isipotosha, onyo huandikwa kwenye kioo tu. Mambo haya hayawezi kutambuliwa na mhandisi aliyefumba macho yake kwa dakika tano akidhani sasa amejua upofu ni nini.

Hapo ndipo penye somo la leo. Kumuuliza mtu mwenye ulemavu si jambo la siku moja, kifaa kikiwa tayari kimekwisha na kinangoja kupigwa picha. Anafaa kuulizwa kabla ya kuchorwa, aulizwe kinapojaribiwa, na aulizwe tena kila kinapobadilishwa.

Tutazame simu tulizo nazo mfukoni. Simu za zamani zilikuwa na vitufe, na kitufe cha 5 kilikuwa na kijinundu ambacho kidole cha asiyeona kilikitafuta kwanza, kikajua nambari nyingine zilipo. Kisha zikaja simu za kioo laini kisicho na cha kupapasa. Mwaka wa 2009 Apple ilitia kwenye iPhone programu ya kusoma skrini iitwayo VoiceOver, nayo Google ikatoa TalkBack kwa simu za Android. Mtu hupitisha kidole kwenye kioo na simu humtajia kilicho chini ya kidole hicho. Mipango hii imo ndani ya simu bila malipo, katika mipangilio, palipoandikwa "Accessibility".

Hata hivyo, programu hiyo husoma tu kile ambacho mtengenezaji amekiandika. Ikiwa kitufe cha kulipa ni kipicha tu na hakuna aliyekipa jina, simu husema "kitufe", halafu "kitufe", na tena "kitufe". Kipi ni cha kulipa na kipi ni cha kufuta? Na hata pale vitufe vilipopewa majina vyema, toleo jipya huweza kuja usiku mmoja na kitufe kipya kisicho na jina. Mtu aliyekuwa akijisimamia kwa miezi sita huamka asubuhi akiwa tegemezi. Wenye kuona huona rangi mpya tu na kusifu.

Haya si mambo madogo kwa daktari. Siku hizi miadi ya hospitali, majibu ya maabara na malipo ya dawa hupitia simuni. Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, hata kujisajili kwa bima ya afya huweza kufanywa kwa simu. Asiyeweza kuitumia simu mwenyewe humpa jirani au mtoto wa ndugu nambari yake ya siri. Leo humpa ili alipe dawa. Kesho huyo huyo humsomea majibu ya kipimo cha Ukimwi. Nimewahi kuwaona wagonjwa walioacha kufuata majibu yao kwa sababu hawakutaka msomaji wao ayajue.

Tusidhani pia kuwa kipofu mmoja huwasemea vipofu wote. Aliyezaliwa haoni na kusomea shule kama ile ya vipofu ya Thika, iliyoanzishwa 1946, yaelekea alifunzwa Breli tangu utotoni. Aliyepofuka kwa kisukari akiwa na miaka 50 huenda haijui kabisa, na vidole vyenye ganzi havitaipapasa kwa urahisi. Aliyepatwa na kiharusi anaona vizuri, lakini kidole chake hugusa kitufe cha jirani, na ile menyu ya nyota na reli hukatika kabla hajamaliza kuandika. Asiyebainisha nyekundu na kijani hatajua kipimo kipi kimepakwa rangi ya hatari ikiwa rangi ndiyo ishara pekee. Kiziwi naye hufanya nini hospitali inapotaka kuthibitisha miadi kwa kumpigia? Wala usidhani maandishi marefu humfaa kila kiziwi. Kwa wengi Lugha ya Ishara ya Kenya ndiyo lugha ya kwanza, Kiswahili na Kiingereza ni za kujifunza baadaye.

Wengine huniambia kwamba watu hawa ni wachache. Sensa ya 2019 ilihesabu asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka 5 na zaidi kuwa na ulemavu, yaani kama watu 900,000. Ongeza hapo sisi tuliopita miaka arobaini na kuanza kuisogeza simu mbali na uso ili tuone.

Mfano mzuri ni Be My Eyes, programu iliyobuniwa na Hans Jørgen Wiberg wa Denmark, ambaye mwenyewe ana matatizo ya kuona. Ilizinduliwa 2015 ili asiyeona aweze kumwonyesha mtu wa kujitolea, kwa kamera ya simu, tarehe iliyo kwenye pakiti ya maziwa au jina la dawa. Mwaka wa 2023 ilipoongezewa akili bandia ya kueleza picha, haikufunguliwa kwa watu wote siku hiyo. Ilipewa kwanza kikundi kidogo cha wasioona waijaribu, kisha kikapanuliwa. Hata hivyo, kwa jina na kipimo cha dawa nawasihi wagonjwa wangu wamuulize mfamasia, maana mashine hukosea ikiwa na uhakika tele.

Sheria nayo haiko kimya. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia 2008, unataka wenyewe washauriwe katika maamuzi yanayowahusu, na unataka teknolojia ya mawasiliano ifikiriwe kwa ajili yao tangu hatua za mwanzo za kubuniwa. Ukisimamia kliniki, benki au duka la dawa linalotengenezewa programu, muulize fundi ni nani asiyeona au asiyesikia aliyeijaribu, na lini mara ya mwisho. Aliyejaribu alipwe nauli na muda wake kama fundi mwingine yeyote.

Nawe ukimnunulia mzazi mashine ya sukari au ya shinikizo la damu, usiridhike na maelezo ya muuzaji. Mpe mzazi aishike mwenyewe, apime, akusomee kwa sauti. Hivyo ndivyo nifanyavyo kliniki siku hizi kabla ya kuandika chochote.

Mama yule amebandika kipande cha plasta kwenye ukingo wa juu wa mashine yake, ili kidole kimwambie juu ni wapi. Wazo ni lake. Bintiye aliwaandikia waliotengeneza mashine, akawaeleza habari ya 2.5 na ya plasta. Kufikia leo ninapoandika makala hii, hawajajibu.