Utumbo Uliofanywa Umio, na Hatari Yake ya Baadaye

Hapa Old Kampala si ajabu kumkuta mtu akiuza sabuni aliyoipika mwenyewe nyumbani. Sabuni hiyo hupikwa kwa magadi makali yaitwayo kostiki, ambayo yakiyeyushwa hufanana na maji. Jirani yetu mmoja aliyatia katika chupa ya soda, na mwanawe wa miaka minne akayanywa. Mtoto hakufa, lakini baada ya majuma machache hakuweza kumeza hata uji. Jambo hilo ndilo lililonifanya nitafute habari hizi.

Umio ni njia ya chakula kutoka kooni mpaka kwenye mfuko wa tumbo. Kwa mtu mzima urefu wake ni kama sentimita 25. Kostiki huyeyusha nyama ya umio na kupenya ndani sana. Kidonda kinapopona, kovu hujikunja na kuiziba njia. Kwanza madaktari hujaribu kuipanua kidogo kidogo kwa vyombo maalum. Wakishindwa, mpasuaji aweza kuchukua kipande cha utumbo mpana pamoja na mishipa yake ya damu, akakipitisha kifuani, akaishona ncha moja shingoni na nyingine kwenye mfuko wa tumbo. Upasuaji wa namna hii ulianza kujaribiwa Ulaya mwaka 1911.

Je, mgonjwa amepona kabisa? Anakula, ananenepa, anarudi shuleni. Lakini kuna mambo mawili ya kukumbuka.

La kwanza ni umio wa zamani. Mara nyingine huachwa mahali pake, na kovu lake laweza kugeuka saratani, mara nyingi baada ya miaka 40 hivi. La pili ni utumbo wenyewe. Utumbo mpana ukihamishwa, hauachi tabia yake. Waweza kuota vivimbe kama utumbo wowote mpana, na kivimbe chaweza kuwa saratani. Wagonjwa waliopatwa na jambo hili ni wachache, na kwa kawaida imekuwa baada ya miaka mingi. Kwa hiyo si sababu ya kuukataa upasuaji, bali ni sababu ya kutomsahau mgonjwa.

Ugonjwa unaokawia hivyo utajulikanaje? Kwa kuandika na kutunza habari. Hilo mji wetu unalijua. Mwaka 1961 Daktari Denis Burkitt, mpasuaji wa Mulago, alisafiri na wenzake wawili maili 10,000 hivi kwa gari, akiuliza katika kila hospitali habari za uvimbe wa taya za watoto. Kwa kuhesabu na kuandika tu, aligundua kwamba ugonjwa huo hufuata mahali penye joto na mvua. Mwaka 1967 Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa hapo hapo Mulago.

Basi, aliyebadilishwa umio yampasa kujua ni kiungo gani alichowekewa, na kama umio wa zamani uliondolewa. Amwulize daktari lini arudi kutazamwa ndani kwa mpira mwembamba wenye taa. Chakula kikianza tena kukwama, au akikonda au kutapika damu, asingoje.

Na sisi tulio wazima tusitie kostiki wala maji ya betri katika chupa ya kinywaji. Mtoto akinywa, tusimtapishe, maana dawa itamchoma mara ya pili inapopanda. Tumkimbize hospitali pamoja na chupa ile.

Mtoto wa jirani yetu alipasuliwa, na sasa anakula matoke na wenzake. Mama yake ameiweka barua ya mpasuaji katika bahasha moja na cheti cha ubatizo. Amefanya vema. Mtoto huyo akifika umri wa miaka 44, huenda mpasuaji wake hayupo tena, lakini karatasi itasema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.