Tashtiti na Shabaha Yake: Mfano wa "Heil Honey I'm Home!"

Makala haya yanachunguza swali ambalo humkabili kila mwanafunzi wa fasihi anapofafanua tashtiti: ni nani, au ni nini hasa, kinachobezwa? Mfano unaotumiwa ni mchezo wa kuchekesha wa runinga ulioandikwa na Geoff Atkinson, ambao sehemu yake ya kwanza ilionyeshwa nchini Uingereza tarehe 30 Septemba 1990 katika Galaxy, idhaa ya kampuni ya setilaiti ya BSB. Sehemu nyingine zilikwisha kurekodiwa, lakini mchezo ulisitishwa. Novemba mwaka uo huo BSB yenyewe iliunganishwa na Sky.

Mandhari ni Berlin, mwaka wa 1938. Adolf Hitler na Eva Braun wanaishi kama wanandoa wa kawaida, na majirani zao, Arny na Rosa Goldenstein, ni Wayahudi. Waziri Mkuu wa Uingereza, Neville Chamberlain, anakuja kuwazuru. Hitler anahangaika majirani wasije wakamwaibisha. Jina la mchezo nalo linaunganisha saluti ya Wanazi na kauli ya mume anayemwarifu mkewe kwamba amerejea nyumbani.

Kisanaa, hii ni parodia. Kinachoigwa ni vichekesho vya kifamilia vya runinga ya Marekani vya miaka ya 1950 na 1960: sebule moja, jirani mdaku, na makofi ya hadhira kila mhusika mkuu aingiapo. Mtunzi alitanguliza hata maelezo ya kubuni kwamba huu ni mchezo wa Kimarekani uliopotea ukapatikana tena. Kwa hiyo anayeutetea aweza kudai kwamba kinachobezwa ni utanzu wenyewe, ambao humfanya mhusika yeyote apendeke. Hoja hiyo ina mashiko, ila inasahau kwamba utanzu huo una kanuni zake: bwana wa nyumba hupendwa hata akiwa mkorofi, na kero hutoka kwa jirani. Hapa jirani ni Myahudi, na mwenye nyumba ndiye aliyesababisha kuuawa kwa Wayahudi wapatao milioni 6. Si ajabu kwamba wengi waliochukizwa walikuwa Wayahudi wa Uingereza.

Charlie Chaplin alimkejeli Hitler katika filamu ya The Great Dictator mwaka wa 1940, shabaha ikiwa dikteta mwenyewe. Hata hivyo, katika tawasifu yake ya mwaka wa 1964 alikiri kwamba lau angalijua unyama halisi wa kambi za Wanazi, asingaliitengeneza filamu hiyo. Atkinson aliandika miaka 45 baada ya kambi hizo kufunguliwa.