Maji Moto Yenye Kutu: Tambua Chanzo Kabla ya Kununua Hita Mpya

Wakazi wanaotumia hita za maji nyumbani wanashauriwa kutafuta chanzo cha kutu kabla ya kutupa hita au kuilaumu kampuni ya maji. Mara nyingi maji mekundu au ya rangi ya chai husababishwa na kifaa kimoja ndani ya hita, ambacho kinaweza kubadilishwa kwa gharama ndogo kuliko bei ya hita mpya. Kutu hiyo ikipuuzwa, tangi huliwa hadi likatoboka, na mwili wa tangi ukitoboka hauna matengenezo ya kutegemewa.

Je, maji haya yana madhara?

Shirika la Afya Duniani halijaweka kiwango cha juu cha madini ya chuma katika maji kwa sababu za kiafya. Hata hivyo, linaeleza kwamba chuma kikizidi miligramu 0.3 kwa lita, maji huanza kuacha madoa kwenye nguo na masinki. Chai huwa nyeusi na maji huwa na ladha ya chuma. Pamoja na hayo, maji ya kunywa na kupikia yachotwe kwenye mfereji wa maji baridi, kwa kuwa maji moto yanayokaa ndani ya tangi hubeba masimbi na madini yanayotoka kwenye mabomba.

Kipimo cha gilasi mbili

Asubuhi, kabla maji hayajatumika, jaza gilasi moja kwa maji baridi na nyingine kwa maji moto, kisha uzilinganishe.

Kama ni maji moto pekee yaliyo na rangi, tatizo liko kwenye hita au mabomba yanayotoka humo. Kama yote mawili yana rangi, kutu inatoka nje ya hita: kwenye mabomba ya zamani ya chuma, kwenye tangi la akiba, au kwenye chanzo chenyewe. Maji yakitoka mekundu kwa muda mfupi kisha yakawa safi, chunguza bomba linaloelekea kwenye mfereji huo.

Acha gilasi ya maji baridi itulie kwa saa chache. Maji ya kisima yanaweza kutoka yakiwa meupe, kisha yakageuka rangi ya kahawia yanapokutana na hewa. Hiyo ni dalili ya chuma kilichoyeyuka, na joto la hita huharakisha mabadiliko hayo. Hapo dawa ni kuchuja maji kabla hayajaingia ndani ya nyumba, si kubadilisha hita.

Hita ndogo za bafuni zinazopasha maji papo hapo hazina tangi. Kutu ikitokea kwenye hita hizo, chanzo kwa kawaida ni bomba.

Fimbo inayolinda tangi

Matangi mengi ya hita hutengenezwa kwa chuma kilichopakwa enameli kwa ndani. Kwa kuwa enameli inaweza kuwa na nyufa ndogo, watengenezaji huweka fimbo ya magnesiamu au alumini, iitwayo anodi. Fimbo hiyo huliwa na kutu badala ya tangi. Ikiisha, kutu hugeukia tangi lenyewe.

Anodi ikaguliwe kila baada ya mwaka mmoja au miwili, na mapema zaidi pale ambapo maji yana chumvi nyingi. Ikiwa imebaki waya wa katikati pekee, au imekonda sana, ibadilishwe. Hita za sola zenye tangi la chuma lililopakwa enameli nazo huwa na fimbo hii, ingawa husahaulika kwa kuwa ziko juu ya paa.

Namna ya kusafisha tangi

1. Zima hita kwenye swichi yake, si kwa kupunguza joto tu. Acha maji yapoe, ikiwezekana usiku mzima. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache.
2. Funga vali ya maji baridi yanayoingia.
3. Unganisha paipu kwenye sehemu ya kutolea maji chini ya tangi na uielekeze nje.
4. Fungua mfereji mmoja wa maji moto ili hewa iingie, kisha toa maji yote.
5. Fungua maji baridi kwa muda mfupi, mara kadhaa, ili yakoroge masimbi. Endelea hadi yanayotoka yawe safi.
6. Funga sehemu ya kutolea maji na ujaze tangi huku mfereji wa maji moto ukiwa wazi. Washa umeme baada tu ya maji kutoka mfululizo bila hewa. Koili ikiwashwa bila maji huungua.

Tahadhari hiyo ya mwisho ni muhimu pia wakati wa mgao wa maji: matangi ya juu yakikauka, hita izimwe. Wenye hita za sola wafanye kazi hii alfajiri, kwa sababu maji baridi yakiingia kwenye mirija ya kioo iliyopashwa na jua huweza kuipasua.

Kufungua nyaya, kubadilisha anodi au vali ya usalama ni kazi ya fundi. Fundi wa umeme awe na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli (EPRA). Akiunganisha bomba la shaba moja kwa moja na la chuma, chuma hicho kitaoza haraka. Mabomba ya plastiki ya PPR hayapati kutu.

Madoa kwenye nguo

Nguo zilizoingia madoa ya kutu zisitiwe dawa ya klorini, kwani huyafanya yashike zaidi. Nguo nyeupe za pamba zipakwe maji ya limau au siki, zisuuzwe, kisha zifuliwe kama kawaida.

Wakati wa kupiga ripoti

Ikiwa maji baridi pia ni mekundu na majirani wana tatizo hilohilo, taarifa ipelekwe kwa kampuni ya maji inayohudumia eneo hilo. Maji yanaporudi baada ya kukatwa, msukumo wake hung'oa kutu kwenye mabomba, hivyo yaachwe yatiririke kidogo kwanza. Yasipotakata, mkazi aeleze tarehe rangi ilipoanza, saa inapozidi, na kama ni maji baridi, moto au yote mawili. Maelezo hayo humwezesha fundi wa kampuni kujua aanzie wapi.